Mbio Zinazopita Mbele ya Mlango Wako

(Maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni katika kipindi cha amani)

Jambo kwenu mlio katika nyumba zenu, na jambo zaidi kwenu ninyi ambao vita vimewatoa katika nyumba zenu, mnaolala leo kwa jamaa zilizowapokea, au katika darasa la shule, au chini ya shitingi. Jambo kwenu pia wakubwa wa mitaa, mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi, ninyi ambao mlango wenu hugongwa usiku na mchana.

Leo nataka tuongee juu ya mbio za miguu. Najua mama mmoja atasema: "Huyu mzee amekosa habari? Sisi tumekimbia kutoka kwetu na watoto mgongoni, naye anakuja kutufundisha kukimbia!" Mama, una haki ya kusema hivyo. Lakini nisikilize kwanza, kwa maana jambo hili limeletwa na watoto wenu wenyewe. Vijana wa mitaa fulani walitujia na wazo lao. Wanataka kuandaa mbio za amani, zitoke mtaa huu zipite mtaa ule, hata kule ambako watu wa upande mmoja hawathubutu tena kukanyaga. Mashefu wawili wamekubali. Wa tatu amekataa. Na kati ya watu waliohama, wengine walipiga makofi, wengine wakakasirika sana. Tulipoombwa tuseme neno, niliona ni afadhali nisihukumu upesi, bali niwasimulie habari za mbio za mji mmoja mkubwa wa mbali, mji wa New York huko Marekani. Mbio zile zimepita miaka 50 sasa. Zimeponya watu, na mara moja zilikaribia kuwaumiza.

Mbio zenyewe ni marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Kwa mtu wa Goma, ni sawa na kutoka mjini kwa mguu mpaka Sake, kugeuka, na kurudi tena zaidi ya nusu ya njia, bila kukaa. Ninyi mlioipiga njia ile na mizigo kichwani mnajua miguu inavyosema.

Aliyezisukuma mbio za New York mpaka zikawa kubwa aliitwa Fred Lebow. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Arad, nchi ya Rumania, akaitwa Fischel Lebowitz, mtoto wa jamaa ya Kiyahudi iliyoshika dini sana. Mnajua, ao mmesikia, mambo yaliyowapata Wayahudi wa Ulaya katika Vita ya Pili ya Dunia. Yeye aliokoka. Baada ya vita jamaa ikatawanyika, naye akiwa kijana akapita nchi baada ya nchi kabla ya kufika Marekani. Huko akafanya biashara ya nguo. Hakuwa mkimbiaji hodari hata kidogo. Alianza kukimbia kusudi apate pumzi ya kucheza tenisi, na mbio zikamshika hata mwisho wa maisha yake.

Ninalitaja hilo mapema kwa ajili yenu mliohama. Mtu aliyewafanya watu wa New York watoke nje kupigiana makofi hakuwa mzaliwa wa New York. Alikuja pale bila kwao.

Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 13 Septemba 1970. Lebow na mwenzake Vincent Chiappetta walizisimamia, na chama chao cha wakimbiaji kilikuwa na fedha kidogo: kama dola 1,000 kwa kazi yote. Kila aliyetaka kukimbia alilipa dola moja. Watu 127 walianza, na 55 tu wakafika mwisho, kwa maana joto lilikuwa kali. Wa kwanza alikuwa Gary Muhrcke, askari wa kuzima moto. Zawadi zilikuwa saa za mkononi za bei ndogo, na vikombe vya zamani vilivyokwisha kutumika katika mchezo mwingine. Lebow mwenyewe alikimbia siku ile akawa wa 45. Mambo yote yalifanyika ndani ya bustani kubwa ya Central Park, wakizunguka na kuzunguka, mahali ambapo hawakumfungia mtu njia wala kumsumbua mtu. Wengi mjini hawakujua kama kuna kitu kilichotendeka.

Vijana wetu mnaotaka kuanza, shikeni hilo. Walianza na watu 55 waliofika, na saa za bei ndogo.

Miaka miwili baadaye palikuwa na jambo la wanawake, nami siwezi kulipita, kwa sababu kina mama wengi mnasikiliza. Wakati ule wakubwa wa michezo wa Marekani walikuwa na sheria kwamba wanawake wasianze marathoni pamoja na wanaume. Waanze dakika 10 mbele, peke yao, kana kwamba ni mbio nyingine. Mwaka 1972, pale New York, wanawake sita walikuja kwenye mstari. Bunduki ya kuanzia ikapigwa kwa ajili yao. Wao wakakaa chini. Walikaa barabarani pale pale, na karatasi za kueleza sababu zao mikononi, dakika 10 kamili, mpaka bunduki ya wanaume ikalia. Ndipo wakasimama wote, wakakimbia pamoja na wanaume. Hawakutupa jiwe, hawakumtukana mtu. Wasimamizi waliwaongezea dakika 10 katika hesabu ya muda wao, lakini sheria ile haikudumu. Mmoja wa wale sita, Nina Kuscsik, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa wanawake siku hiyo.

Sasa tufike mwaka 1976, maana hapo ndipo mbio zilitoka bustanini zikaingia mitaani.

Mji wa New York umegawanyika sehemu tano, sawa na komini zetu: Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan. Maji yanazitenga, na si maji tu. Watu wa huku wakati ule hawakuwa na sababu ya kwenda kule, na wengi waliogopa. Mji ulikuwa katika taabu kubwa. Mwaka 1975 hazina yake ilikuwa karibu kuanguka kabisa, wakafukuza kazini walimu na polisi kwa maelfu. Kusini mwa Bronx nyumba zilikuwa zikiungua avenyu baada ya avenyu. Mtu mweusi, mtu mweupe, mtu wa Puerto Rico, Myahudi, Mwitalia, kila mmoja alikaa na wenzake na kuujua mpaka wa mtaa wake vizuri.

Basi mtumishi mmoja wa mji, George Spitz, akasema: mbio zipite komini zote tano. Mtajua ya kuwa Lebow mwenyewe hakulipenda wazo hilo mwanzoni. Aliliona kuwa gharama kubwa na taabu tupu. Aliyelibeba ni Percy Sutton, mkubwa wa komini ya Manhattan, mtu mweusi, wakili aliyewahi kumtetea Malcolm X. Sutton alienda kwa meya Abraham Beame, akaenda pia kwa matajiri wa nyumba, jamaa ya Rudin, nao wakatoa dola 25,000. Mashefu wangu, niruhusuni niseme hivi: vijana wana miguu, lakini njia hufunguliwa na mkubwa anayekubali kwenda kugonga milango ya wakubwa wenzake. Bila Sutton mbio zingeendelea kuzunguka bustani ile ile.

Tarehe 24 Oktoba 1976 watu kama 2,000 walisimama kwenye daraja la Verrazzano upande wa Staten Island. Wakavuka kuingia Brooklyn, wakapita mitaa ya wenye asili ya Norvegi na Italia, mitaa ya watu weusi, mtaa wa Wayahudi wa kanzu nyeusi, mtaa wa Wapolandi. Wakavuka daraja kuingia Queens, wakavuka lingine kuingia Manhattan, wakagusa Bronx, wakarudi Manhattan, wakamaliza ndani ya Central Park. Bill Rodgers alikuwa wa kwanza kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 10. Kwa wanawake ni Miki Gorman, aliyezaliwa China kwa wazazi Wajapani. Tena siku hiyo mtu mmoja aliyekatwa mguu, Dick Traum, alienda njia yote kwa mguu wa kutengenezwa, zaidi ya saa saba, akafika. Baadaye akaanzisha chama cha wakimbiaji wenye kilema. Ninyi mliokanyaga mabomu ya ardhini, jina lake mlijue.

Lakini mambo ya siku ile si muda wa Rodgers. Ni kwamba watu walitoka milangoni. Waliweka viti mbele ya nyumba, wakaleta watoto, wakawapa wageni maji na machungwa. Mtu aliyezoea kusikia habari za mtaa ule kwa ubaya tu, sasa aliupita kwa miguu yake mwenyewe akiwa amechoka, na watu wa pale wakamwambia: songa mbele, usisimame. Ni vigumu kumwogopa mtu aliyekupa maji ulipokuwa karibu kuanguka.

Sisemi kwamba umaskini wa Bronx uliisha kwa sababu ya mbio. Haukuisha. Tena hata leo Bronx inapata kipande kifupi tu cha njia ile, nami nikiwa mtu wa Bronx ningeuliza kwa nini.

Tangu hapo mbio zilikua, na Afrika ikaingia. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein wa Kenya akawa Mwafrika wa kwanza kushinda pale. Mwaka 1989 akashinda Juma Ikangaa wa Tanzania. Mwaka 1994 akaja msichana mdogo wa umbo, Tegla Loroupe, Mpokot wa Kenya ya magharibi, aliyekuwa akikimbia kwenda shule na kurudi kila siku, akashinda kwa wanawake. Hakuna mwanamke wa Afrika aliyewahi kushinda marathoni kubwa namna ile kabla yake. Mwaka uliofuata akashinda tena. Huyo Tegla nitamrudia.

Mwaka huo wa 1994, mwezi wa Oktoba, Lebow alikufa kwa ugonjwa wa kansa ya ubongo. Miaka miwili mbele ya kufa, akiwa tayari mgonjwa, alikimbia njia ya komini tano kwa mara yake ya kwanza. Alikuwa ameisimamia miaka yote bila kuikimbia. Grete Waitz wa Norvegi, mama aliyekuwa ameshinda pale mara 9, alikwenda naye pole pole hatua kwa hatua, zaidi ya saa tano na nusu. Walifika wakilia wote wawili.

Sasa nawaomba mkaze masikio, maana nafikia mahali pa shida.

Mji ule ulipata maafa makubwa mara mbili karibu na siku ya mbio. Mara ya kwanza ni mwaka 2001. Tarehe 11 Septemba watu waliteka ndege wakazipiga katika majumba mawili marefu ya Manhattan, wakafa watu karibu 3,000, na kati yao askari wa kuzima moto 343. Mbio zilipangwa tarehe 4 Novemba, hazijatimia miezi miwili. Je, wakimbie? Walikimbia. Watu zaidi ya 23,000 walifika mwisho, na wengi wa mji ule wanaikumbuka siku hiyo kama siku ya kwanza waliyotoka nje pamoja bila hofu. Tesfaye Jifar wa Etiopia alishinda, na Margaret Okayo wa Kenya kwa wanawake. Watu walilia barabarani, lakini ni machozi ya kufarijiana.

Mara ya pili ni mwaka 2012. Usiku wa tarehe 29 Oktoba tufani iliyoitwa Sandy ilileta bahari juu ya nchi. Mjini walikufa watu zaidi ya 40, na zaidi ya nusu yao ni wa Staten Island, pale pale mbio zinapoanzia. Nyumba zilibebwa na maji. Watu walikaa gizani bila umeme, bila joto, na kule Novemba ni baridi. Mbio zilipangwa tarehe 4 Novemba, siku sita tu baadaye.

Meya Michael Bloomberg akasema mbio zitakuwako. Alikumbuka 2001, akafikiri dawa iliyoponya mara ile itaponya tena. Wageni kwa maelfu walikuwa wamekwisha kufika kutoka nchi nyingi. Lakini watu wa Staten Island walikuwa bado wanatafuta maiti. Magazeti yakaonyesha mashine kubwa za kutoa umeme zimesimama katika Central Park tayari kwa mahema ya mbio, na huku ng'ambo ya maji mama anapasha mtoto wake moto kwa blanketi lililolowa. Katika kisiwa kile mwenye hoteli mmoja alikuwa amewapa vyumba watu waliopoteza nyumba. Wakimbiaji walikuwa wamevikodi vyumba hivyo mapema. Akaambiwa wageni wanakuja. Akakataa kuwatoa wale waliohama.

Watu wakapiga kelele, na si watu wabaya wenye kupinga mbio. Ni watu waliokuwa wakitoka milangoni kila mwaka na machungwa mikononi. Ijumaa jioni, tarehe 2 Novemba, meya na wasimamizi wakazifuta mbio. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1970.

Mtu atauliza: mji ni ule ule, maafa na maafa, kwa nini mara moja mbio zilikuwa faraja na mara nyingine zikawa matusi? Nimefikiri sana juu ya hilo. Mwaka 2001 zilipita karibu wiki nane, wengi walikuwa wamefanya matanga. Njia haikupita juu ya makaburi. Tena mbio hazikumnyang'anya mwenye kuteswa kitu alichokihitaji siku ile. Mwaka 2012 zilikuwa zinataka maji yake, umeme wake, polisi wake na kitanda chake. Na tena, kabla ya kutangaza redioni, hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Hapa niwaambie jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujisifu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika komite ya kuandaa mchezo wa mpira wa amani, mahali ambapo sitapataja. Kiwanja tulichokitaka kilikuwa cha shule, na katika shule hiyo familia zilizohama zilikuwa zimelala wiki tatu. Tuliwaomba waondoe mafiga yao na kamba za nguo. Hapana, nisiwadanganye: hatukuwaomba, tuliwaambia. Mama mmoja alikuwa amebandika maharagwe, hayajaiva. Alikiinua chungu chake, akasimama kando ya kiwanja nacho mikononi, kimefunikwa kwa jani, mpaka mchezo ukaisha. Sisi kwenye haut-parleur tulikuwa tukisema amani, amani. Timu zilipeana mikono, wakubwa wakatoa hotuba. Hakuna mtu wa shule ile aliyepiga makofi. Mimi nilikasirika, nikawaita watu wasio na shukrani. Ilinichukua miaka kuelewa ni nani aliyekosa adabu siku ile.

Lakini habari ya 2012 haikuishia kwenye kufuta. Jumapili asubuhi, saa ambazo wangekuwa wakikimbia, wakimbiaji zaidi ya 1,000 walipanda meli ya kuvuka kwenda Staten Island. Walivaa nguo zao za mbio. Mgongoni walibeba mifuko ya mablanketi, betri za tochi, chakula na nguo za watoto. Waliposhuka wakakimbia kwa makundi mpaka kwenye nyumba zilizovunjika, wakagawa walivyoleta, wengine wakashika majembe na kutoa matope ndani ya vyumba. Mwaka uliofuata, 2013, mbio zilirudi, na watu wa kisiwa kile waliwaona tena wakimbiaji wakisimama kwenye daraja lao. Mwaka 2024 watu zaidi ya 55,000 walifika mwisho.

Nimesema nitamrudia Tegla Loroupe. Alirudi kwao, ambako Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong wa Uganda walikuwa wanauana kwa ajili ya ng'ombe, kijana wa miaka 15 ana bunduki. Mwaka 2003 akaanzisha shirika la amani na mbio za amani. Mwaka 2006, kule Kapenguria, vijana wapiganaji kama 2,000 wa makabila sita walikimbia pamoja. Tegla hakuja na mbio tu, na hapa vijana wetu wasikilize vizuri. Yeye ni mtoto wa nchi ile. Aliweza kukaa na wazee, kusema na mama waliofiwa, kuwaita wapiganaji kwa majina. Alianzisha pia shule ya watoto. Wizi wa ng'ombe haukuisha hata leo, ningekuwa mwongo kusema umeisha. Lakini wapo waliokutana kwanza mbioni kabla ya kukutana tena sokoni.

Ndiye pia aliyewatafuta wakimbizi wenye kipaji katika kambi ya Kakuma na kuwazoeza. Mwaka 2016, kwenye michezo ya Olimpiki ya Rio, kwa mara ya kwanza dunia iliona timu ya wakimbizi, watu 10, na Tegla akiwa kiongozi wao. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini. Wawili walikuwa watoto wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo, waliotoka Kivu na kupata mahali pa kukaa huko Brazili. Popole vita vilimtenga na jamaa yake akiwa mtoto mdogo, akakutwa porini baada ya siku nyingi. Alishinda mchezo wake wa kwanza pale Rio, na watu wa Brazili wakaliimba jina lake.

Basi vijana mliotuletea wazo lenu, wazo ni zuri, nami sitawaambia mliache. Ila msianze na singileti na haut-parleur. Anzeni kwa kwenda kwa miguu, pole pole, njia yote mnayotaka kuikimbia, mlango kwa mlango. Ulizeni katika kila mtaa: ni nani aliyekufa hapa, na matanga yamekwisha? Ulizeni kama siku ile ni siku ya kugawa chakula ao ya kuteka maji, maana mkifunga njia ya kisima asubuhi moja, mama hawezi kusahau. Kama mnahitaji kiwanja ambacho watu wanalala, tafuteni kiwanja kingine. Na fedha mtakayopata, ihesabuni mbele za watu, kusudi kesho wasiseme mbio zilikula mchele wa waliohama.

Mashefu wawili mliokubali, nawasifu. Lakini kukubali kwenu ni kwa ajili ya wenyeji. Je, waliohama katika avenyu zenu wana mtu anayewasemea katika komite? Asiwe wa kupanga viti. Awe na neno juu ya njia ipite wapi.

Na ninyi mliohama, kama mbio hizo zinawaumiza, semeni. Wanawake sita wa New York walikaa chini dakika 10 na sheria ikabadilika. Lakini kama kuna kijana wenu mwenye miguu mizuri, msimzuie kwa sababu ya hasira yetu sisi wazee. Tangu alipotoka kwao hajapata kukimbia pasipo mtu anayemfukuza.

Shefu wa tatu, yule aliyekataa, tumemwomba aje hapa juma lijalo aeleze sababu zake kwa kinywa chake mwenyewe. Amekubali kuja, na ametuambia tu kwamba katika mtaa wake kuna nyumba nne ambazo bado hazijazika. Ninyi mnaokaa upande ule, wenyeji na waliohama, tuleteeni maswali yenu kabla ya Ijumaa, kwa barua ao kwa mdomo, tuyasome mbele yake. Wasioweza kuandika waje tu mlangoni, mlinzi atawaita ndani. Mungu awalinde usiku huu.